Mlo wa Cheche

Kazini walimwita Kinu, kwa kuwa chochote kilichotiwa ndani yake kilitwangika. Jina alipewa na mafundi wenzake miaka mingi nyuma, siku walipokula pamoja nyama iliyokuwa imeanza kuchacha, wote wakalala chali isipokuwa yeye, na alilipokea kama mtu anavyopokea cheo. Alikuwa fundi wa lifti, mpana wa mabega, mwenye sauti ya mtu asiyeombwa kurudia jambo. Aliweza kusimama kwenye mlango wa lifti, akaisikiliza ikipanda ghorofa mbili tatu, akasema ni breki, au ni kamba, au ni mlango, na mara nyingi ikawa ndivyo.

Tumbo lake lilikuwa habari nyingine, ila yeye mwenyewe hakulifanya habari. Kila mchana lilinguruma kama mota iliyokosa mafuta. Hilo aliliita hewa. Usiku lilimwamsha na kumpeleka msalani, kisha likamwamsha tena. Hilo aliliita umri. Na baada ya chakula cha mchana kichwa chake kilijaa pamba, ikabidi apande kwenye chumba cha mashine, kule juu ya paa, atandike koti lake chini na kujinyoosha mpaka jua lipungue. Hilo aliliita haki ya mfanyakazi. Mwenzake wa kazi, mzee mwembamba aliyeitwa Taratibu kwa sababu ndilo neno lililomtoka kinywani kuliko yote, alikuwa amezoea kuzilinda zana za wote wawili, za kwake na za aliyelala.

Nyumbani Kinu alikuwa na mke na binti mmoja. Mkewe alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hoteli kubwa, mahali ambapo shuka huingia zimevurugika kwa marundo na kutoka zimekunjwa pembe kwa pembe, na tabia hiyo ya kutaka kila kitu kitoke kimenyooka alirudi nayo nyumbani jioni. Binti alikuwa na miaka tisa. Jina lake la cheti lilitumika shuleni. Nyumbani alikuwa Cheche tangu alipojifunza kutambaa, kwa sababu ukimtazama hapa, ameshaangukia pale.

Mwalimu wa darasa aliwaita wazazi wote wawili baada ya masomo. Aliwakalisha kwenye viti vya watoto, magoti ya Kinu yakiwa karibu na kidevu chake, na akazungumza nao kwa upole. Alisema mtoto si mkorofi wala si mzito wa akili. Anauliza swali zuri kuliko wote, kisha anaondoka kabla ya jibu. Anaanza hesabu vizuri, na akifika mstari wa tatu anahesabu mapanga ya feni. Amepoteza sweta, amepoteza kalamu, na sasa anaanza kupoteza marafiki, maana wenzake wamechoka kukatizwa. Tena analalamika sana: leo tumbo, kesho kichwa.

Mama Cheche aliishika hiyo ya tumbo na kichwa, hakuiachia. Kesho yake, kwenye meza ya kupigia pasi, mwenzake mmoja alimsimulia habari za mpwa wake aliyekuwa moto wa kuotea mbali, wakamwondolea maziwa na peremende za rangi, akatulia kama maji ya mtungini. Mama Cheche alirudi nyumbani ameshaamua, na yeye akishaamua jambo ni kama lori lililoshika mteremko.

Kinu alisema chakula ni chakula. Alisema kichwa kiko huku na tumbo liko kule, na yeye amekula kila kitu maisha yake yote na hakuna hesabu aliyoikimbia.

"Sikuulizi kama unaamini," mkewe akamwambia. "Nakuuliza kama utakuja kliniki."

Alikwenda.

Mtaalamu wa lishe alikuwa dada kijana mwenye miwani mikubwa, na juu ya meza yake palikuwa na vyakula vya plastiki: yai, kipande cha mkate, samaki, glasi ya maziwa yasiyomwagika hata ukiiinamisha. Cheche aliinamisha glasi ile muda wote wa mazungumzo. Dada wa lishe hakumkataza. Aliuliza maswali mengi kuliko Kinu alivyotarajia: mtoto analala vipi, tumbo linauma siku gani, amekula nini kabla, ana mzio wowote unaojulikana, uzito wake unapanda sawasawa. Akaagiza kwanza kipimo cha damu cha kuona kama mwili wa mtoto unaikataa ngano, akisema ukishaiondoa ngano, kipimo kinaweza kukudanganya.

Kisha akawaeleza mpango. Kwa majuma machache wangeondoa vyakula vinavyoshukiwa zaidi: maziwa na vyote vitokanavyo, ngano, mayai, karanga, machungwa, chokoleti, soda na vitu vyenye rangi za dukani. Baada ya hapo wangevirudisha kimoja kimoja, kwa nafasi, na kutazama. Si mlo wa kuishi nao, alisema, ni mlo wa kuuliza swali, na ukishapata jibu unauacha.

"Na nitawaambia ukweli mapema," akasema, akivua miwani. "Kwa watoto wengi, kutotulia hakutoki kwenye sahani. Wapo wachache ambao chakula kinawachokoza, na kwa hao tunashukuru tukikijua. Tujaribu kwa macho mawili. Lakini jina lake liandikwe na kwa daktari wa watoto leo hii, kwa sababu foleni ni ndefu, na sitaki mnisubiri mimi peke yangu."

Mama Cheche alitikisa kichwa kukubali yote, ila Kinu aliona kwamba ile sentensi ya katikati ilimpita sikioni kama gari la watu wengine. Cheche, kwa upande wake, alikuwa amesikia vizuri. Aliiweka glasi ya plastiki mezani.

"Na baba?" akauliza.

"Baba nini?"

"Baba naye ale hivyohivyo. Yeye hukata mkate mezani mbele yangu na ananusa kabisa kabla ya kula."

Ilikuwa kweli, alikuwa ananusa. Dada wa lishe akasema si lazima, lakini nyumba ikila pamoja mtoto haoni kama ametengwa. Kinu akacheka, akapiga kifua. Akatoa neno lake pale pale, mbele ya yai la plastiki: ataula mlo huo neno kwa neno, na kazini pia, kwa sababu Kinu hachagui cha kutwanga. Cheche akampa mkono kama wafanyavyo watu wazima.

Majibu ya damu yalikuja safi, wakaanza. Mama Cheche alisafisha kabati la jikoni kwa namna ileile anavyopokea shuka za hoteli. Vilivyokatazwa vilitolewa, vikagawiwa kwa majirani. Pakabaki mchele, viazi, maharage, nyama, kuku, samaki, mboga, mapeasi na ndizi. Alijifunza kusoma maandishi madogo nyuma ya makopo na akagundua kuwa maziwa yamejificha hata mahali yasipoombwa, kwenye supu ya unga na kwenye soseji. Bibi mzaa mama alipiga simu kusema mjukuu wake ananyimwa chakula. Alipiga tena kesho yake kuuliza hali ya njaa inaendeleaje. Mama Cheche alimjibu kwa heshima kwamba mtoto amemaliza sahani mbili za wali na sasa anarukia kochi.

Kwa Kinu siku za mwanzo zilikuwa chungu. Tangu ujana wake alikuwa akibeba kazini chupa ya chai nzito, nusu maziwa nusu maji, akainywa kuanzia asubuhi mpaka ikakauka, na mchana akaisindikiza kwa mkate na jibini. Sasa chupa ilijaa chai ya rangi. Aliionja, akasema ni maji yaliyosikia habari za chai. Kichwa kilimuuma, akamkaripia Taratibu kwa kumkabidhi spana sahihi. Mara mbili alijikuta amesimama mbele ya kibanda cha chai, mate yanamtoka, na mara mbili aliondoka, kwa sababu alikuwa amempa mtoto mkono.

Kisha, bila tarumbeta wala taarifa, jambo likatokea. Asubuhi moja aliamka na kukuta kumekucha. Alikaa kitandani akijaribu kukumbuka safari za usiku, hakukumbuka hata moja, kwa sababu hakwenda. Aliona ni bahati. Usiku uliofuata ikawa bahati tena. Mkanda wake wa suruali ukahamia tundu la ndani. Tumbo lililokuwa likimtangulia kuingia kwenye lifti likaanza kuingia pamoja naye, na mchana halikusema kitu. Alilisikiliza kama alivyosikiliza mitambo, akitarajia ule mngurumo, akapata kimya.

Cha ajabu zaidi kilikuwa kichwa. Mchana mmoja, katika jengo la ofisi lenye ukuta wa vioo upande wa magharibi, alipanda kwenye chumba cha mashine kama kawaida, akatandika koti, akalala chali, akatazama dari. Usingizi haukuja. Alijigeuza. Haukuja. Mwishowe akaona aibu kulala macho wazi kama mjusi, akachukua chupa yake ya chai ya rangi na kushuka.

Lifti ya jengo lile ilikuwa imewatesa kwa muda mrefu. Ilikuwa ikikwama mchana, inagoma kuondoka ghorofa ya sita, watu wanapiga kelele, wao wanaitwa. Wakija asubuhi kuikagua inakwenda kama saa. Walikuwa wamebadilisha hiki na kile, na mwenye jengo alikuwa ameanza kuzungumza nao kwa sauti nyembamba. Sasa Kinu alikaa kwenye ngazi za ghorofa ya sita, chai mkononi, akatazama tu. Jua lilikuwa limezunguka. Lilipenya kwenye kioo kikubwa cha ukumbi na kuangukia moja kwa moja juu ya mlango wa lifti. Alitazama mwanga ule ukitambaa mpaka ukaufunika mlango mzima, na muda si mrefu lifti ikafika, ikafungua, ikafunga, na haikuondoka.

Aliinuka akaweka kiganja kwenye fremu ya chuma. Akakiondoa haraka. Ilikuwa ya moto kama kikaango.

Alimwita Taratibu, wakazima umeme, wakaitia swichi kubwa kufuli ili mtu asiuwashe, wakafungua fremu. Chuma kilikuwa kimetanuka kwa joto, kikasogeza kiasi cha unywele swichi ndogo ya usalama inayoonyesha kuwa mlango umefungwa, na lifti ikadhani mlango uko wazi. Asubuhi chuma kikipoa, kila kitu kinarudi mahali pake. Kwa muda wote ule jawabu lilikuwa likijitokeza mchana, kila siku, waziwazi, na Kinu alikuwa amelala ghorofa tatu juu yake.

"Leo umeamka na akili ya nani?" Taratibu akamuuliza, akifuta jasho.

Kinu alicheka, lakini akilini mwake neno lile lilimkaa. Jioni akirudi nyumbani alitembea kwa hatua nyepesi, akapita vituo viwili vya basi kwa miguu bila kukusudia, na ndipo, mbele ya duka la viatu, ikamjia waziwazi: mlo unafanya kazi. Unafanya kazi sana. Unafanya kazi kwa mtu ambaye si mgonjwa.

Kwa upande wa Cheche hapakuwa na kilichobadilika. Kinu alimpenda mtoto yule kuliko macho yake na alimfahamu, na alijua. Bado alivaa soksi moja, akasahau ya pili akiwa ameishika mkononi. Bado alianza kusimulia habari ya shule, akapita kwenye habari ya paka, akaishia kuuliza kwa nini mwezi hauanguki. Lakini Mama Cheche alikuwa akitafuta dalili, na mtu akitafuta kwa nguvu ataokota chochote. Leo amekaa mezani mpaka mwisho, alisema. Kinu aliona alikaa kwa sababu kulikuwa na kuku. Leo ameandika ukurasa mzima, alisema; ukurasa ulikuwa na jina la mtoto limeandikwa kwa mitindo mbalimbali, na mmoja ulikuwa na mabawa. Alisema haya kwa macho yanayong'aa, na Kinu akawa anaitikia ndiyo, ndiyo, naona.

Akaanza kuficha. Yeye aliyezoea kutangaza hata chafya alianza kuvuta suruali juu ili mkanda usionekane umehama. Alipiga miayo ya uongo. Alijilalamikia hewa isiyokuwepo. Ilikuwa kana kwamba kuna dawa moja tu ndani ya nyumba, imeletwa kwa ajili ya mtoto, na yeye baba mtu ameinyanyua chupa akainywa mpaka tone la mwisho. Kila alipoamka amelala vizuri, alisikia raha kwanza na haya baadaye.

Ilifika jioni moja, vyombo vimeoshwa, Cheche yuko mezani na kazi ya shule. Mama yake alikuwa amekaa kando akikunja nguo huku anatazama. Mtoto alifanya hesabu ya kwanza. Alifanya nusu ya pili. Akainua macho kumtazama mama, akamkuta anatazama, akainamisha kichwa tena, akaibana kalamu mpaka vidole vikageuka rangi. Kisha machozi yakadondoka kwenye karatasi.

Hakulia kwa sauti. Alisema, "Nimekula kila kitu mlichonipa. Sijaiba hata peremende. Wenzangu walikula keki darasani na mimi nikakaa tu. Sasa mbona bado?"

Mama yake aliacha kukunja nguo. Alikuwa ameshika shati la Kinu limekunjwa nusu.

Kinu alikuwa ameegemea friji. Alivuta kiti, akaketi karibu na binti yake, na kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi hakuvuta suruali juu.

"Nisikilize," akasema. "Wewe hujakosea kitu. Umeula huu mlo vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Mlo hauna kazi kwako, basi. Nimekutazama, na wewe ni yuleyule, na yuleyule ndiye tunayemtaka. Aliyebadilika ni mimi."

Akawaambia yote. Usiku unaokwisha bila safari. Tumbo lililonyamaza. Chumba cha mashine na usingizi uliokataa, jua kwenye ghorofa ya sita, fremu ya moto. Alifungua mkanda akawaonyesha matundu, lile la zamani lililopanuka na lile jipya. Alisema amekaa na habari hiyo kama mwizi, kwa sababu aliitaka iwe ya Cheche.

Mama Cheche aliliweka shati chini polepole.

"Nilidhani unaumwa," akasema. "Unapungua, umekuwa mkimya, unaniambia tumbo linakusumbua na mimi nakusikia umelala usiku kucha kama gogo. Nikasema huyu ana kitu kikubwa amekificha. Nimekuwa nikikuhesabia mbavu ukiwa umelala, Baba Cheche."

Kinu hakuwa amewaza hilo hata kidogo. Aliomba radhi, na akaomba kwa dhati. Cheche alikuwa amekwisha kukausha machozi, anamtazama baba yake kwa shauku kubwa kuliko alivyowahi kuitazama hesabu.

"Kwa hiyo mgonjwa alikuwa wewe," akasema.

"Inaonekana."

"Na ni mimi niliyesema ule pamoja nami."

"Ni wewe."

Mtoto akaegemea kiti na kukunja mikono, kama daktari mwenye wagonjwa wengi nje. Mama yake alimtazama, akamtazama mumewe, na bega lake likaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakaa juu ya nguo alizozikunja, jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika nyumba ile.

Dada wa lishe aliwapokea wote watatu na kuwasikiliza mpaka mwisho. Hakushangaa sana. Kwa Cheche alisema swali limejibiwa, na jibu la hapana ni jibu pia: mtoto arudishiwe vyakula vyake kimoja kimoja, kwa utaratibu uleule, ili wawe na hakika. Wakavirudisha. Yai halikuleta kitu. Ngano haikuleta kitu. Chungwa, karanga, maziwa, chokoleti, soda nyekundu, vyote viliingia na Cheche akabaki Cheche, wala tumbo halikumuuma. Yale maumivu ya shuleni, walipoyachunguza pamoja, yalikuwa yakija asubuhi za majaribio ya darasani na kuondoka kengele ya kurudi nyumbani ikilia.

Mama Cheche alilipokea hilo kwa tabu kuliko alivyoonyesha. Siku ya soda nyekundu alikaa na mtoto sebuleni mchana mzima, akingoja moto uwake. Moto haukuwaka. Jioni alimwambia Kinu kwamba alikuwa amelitaka tatizo liwe chakula, kwa sababu chakula angeweza kukitoa kabatini kwa mikono yake. Kinu alimwambia kuwa mikono hiyohiyo ndiyo iliyomponya mtu mwingine humu ndani. Hilo lilimfaa, ingawa si lote.

Zamu ya Kinu walimpangia Ijumaa jioni, asije akawa juu ya lifti ya watu. Ngano ilipita salama. Mayai yakapita. Ilipofika zamu ya maziwa, Cheche mwenyewe aliijaza glasi, akaileta kwa mikono miwili. Kinu aliinywa kwa furaha ya mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni. Alisema ni tamu. Alisema labda walikosea. Kabla habari za jioni hazijaisha, tumbo lilitoa sauti ambayo mkewe aliisikia kutoka jikoni, na Kinu akaondoka sebuleni kwa mwendo ambao haukuwa na heshima yoyote. Jumamosi nzima alikuwa amelala kwenye kochi, macho mazito, kichwa kimejaa pamba ileile ya zamani. Aliitambua mara moja. Alisema kwa miaka yote ile alidhani pamba hiyo ndiyo kichwa chake.

Kipimo cha kliniki kilithibitisha: mwili wake haukuwa tena na uwezo wa kuisaga sukari iliyomo kwenye maziwa. Dada wa lishe alisema ni jambo la kawaida mno kwa watu wazima, na halina siri. Tumbo linachafuka, usingizi unakatika, na mtu aliyekatwa usingizi miaka nenda rudi kichwa chake kitakuwa wapi mchana? Amwage maziwa, ale mengine yote, atafute madini ya mifupa kwenye samaki wadogo na mboga za majani. Taratibu alipopata habari kwamba Kinu ameshindwa na glasi ya maziwa, alikaa chini kwenye sanduku la zana akacheka bila sauti kwa muda mrefu, kisha akasema wambadilishie jina. Hawakumbadilishia. Kinu alijibu kwamba hata kinu hakitwangi maji.

Zamu ya daktari wa watoto ilifika baada ya hapo, na kwa sababu walikuwa wamekwisha kujua chakula si kisa, hawakupoteza muda kukizungumzia. Daktari, mama mtu mzima mwenye mikono ya polepole, alikaa na Cheche, akazungumza na mwalimu kwa simu, akawapa wazazi maswali ya kujibu kila mmoja peke yake, akawarudisha tena. Mwishowe akawaambia kuwa mtoto ana tatizo la umakini, lina jina na lina njia zake. Si uvivu, si malezi mabaya. Alisema ni mtoto anayesikia milango yote ya nyumba ikibishwa kwa wakati mmoja, naye anataka kuifungua yote.

Shuleni akahamishwa kiti, mbali na dirisha na feni, karibu na meza ya mwalimu. Kazi ilikatwa vipande vidogo, na kati ya kipande na kipande alitumwa kupeleka kitu ofisini, ili miguu nayo ipate haki yake. Nyumbani hesabu zilihamia kwenye meza ndefu ya jikoni, ambapo angeweza kuzifanya amesimama. Vilevile daktari alipendekeza dawa, dozi ndogo ya asubuhi, na hapo Mama Cheche alisita. Kinu, aliyezoea kutoa uamuzi kabla swali halijaisha, alisubiri mpaka asubuhi, wakiwa wanakunywa chai ya rangi.

"Tutafanya kama tulivyofanya na chakula," akamwambia. "Tunajaribu, tunatazama, na tunasema tulichokiona, si tunachokitaka. Ikiwa haimfai, tunamwambia daktari na tunaacha."

"Na wewe hutaficha kitu."

"Sitaficha kitu."

Walikubaliana, na wakamweleza Cheche mwenyewe, ambaye aliuliza kama baba naye atameza. Akaambiwa hii ni yake peke yake. Akafikiri, akasema sawa.

Dozi ya kwanza ilimkosesha hamu ya kula mchana. Wakamwambia daktari, akaipunguza. Hiyo ya pili ilimkaa. Hakugeuka mtoto mwingine. Soksi ya pili iliendelea kupotea, na paka aliendelea kuingia katikati ya habari zisizomhusu. Lakini mwalimu alisema swali na jibu sasa vinakutana, na msichana mmoja aliyekuwa amechoka kukatizwa alianza kuja nyumbani Jumamosi.

Ijumaa moja Kinu alirudi mapema na kumkuta Cheche jikoni na mama yake, mkoba bado uko mgongoni. Alikuwa amesimama wima, na usoni ana kitu ambacho baba yake hakukitambua mara moja.

"Leo nimesikia mwisho," akawaambia.

"Mwisho wa nini, mwanangu?"

"Wa hadithi. Mwalimu hutusomea hadithi kila Ijumaa, kabla ya kengele. Sikuwahi kujua zinaishaje. Nilidhani zinaisha tu, mwalimu anafunga kitabu." Akashika mikanda ya mkoba. "Kumbe zina mwisho, zote. Darasa zima walikuwa wanajua."

Mama Cheche alizima jiko. Kinu aliweka sanduku la zana chini, akavuta kiti, akakaa na buti zake za kazi. Walimwambia aanze mwanzo, asiruke kitu. Naye akawasimulia yote, akizunguka meza, mkoba ukimpiga mgongoni, sungura akatoroka na mfalme akakasirika na mto ukafurika, mpaka mahali kila mtu alipofika nyumbani kwake.